Wapumuaji wa Chumba cha Nyuma

Tunu, binti anayenichapia karatasi hizi kwenye duka la steshenari hapa sokoni, amesimama leo mara ya tatu. Mashine yake imeganda. Kwenye kioo kuna kiduara kinazunguka, nami nimegeuza uso nikatazama barabarani. Nilimuuliza mashine inaumwa nini, akasema kuna vitu vinajiendesha humo ndani kwa nyuma, vinakula nguvu yote, na vingine hupeleka habari za mtu huko vilikotoka. Nikamuuliza ni nani aliyeviita.

"Hakuna aliyeviita, babu. Vilikuja na mashine. Vingine vilifuatana na vitu nilivyoweka mwenyewe, nikabonyeza nakubali."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimewahi kuishi katika nchi ambayo watu wote wako hivyo, na mke wangu amelala huko. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitapamba maneno. Nitaeleza nilichokiona, na wa kulaumiwa nitawataja kwa vyeo vyao.

Nchi yenyewe inaitwa Ridhani. Njia ya kufika huko sitaisema, nisije nikampeleka mtu. Tulikwenda kwa sababu ya kifua cha Mashavu. Miaka ishirini na sita niliendesha mashine ya kusaga, naye alikaa pale mlangoni akipokea madebe ya watu na kukung'uta magunia. Vumbi la unga mimi nililikohoa nikalitema, yeye lilimkaa. Ikafika mahali akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Hospitali wakasema anahitaji hewa safi, wakatuandikia hivyo kwenye karatasi, kana kwamba hewa safi inapatikana duka la dawa.

Ndipo tukasikia habari za Ridhani, kwamba huko hewa inachekechwa kama unga wa ngano na kuletwa kila nyumba kwa bomba. Na ni kweli, hilo siwezi kuwanyima. Upepo hauvumi kabisa katika nchi ile. Kila alfajiri bomba hupiga mluzi, hewa ya siku nzima ikaingia ndani, kisha bomba hufungwa mpaka kesho yake. Ukutani kuna mshale unaoonyesha imebaki kiasi gani. Nyumba tuliyopewa, ya watu wawili, ilipata hewa ya watu sita.

Mlangoni tulimkuta karani na kitabu kinene kama tofali mbili. Mlango haukufunguka mpaka ubonyeze dole gumba kwenye ukurasa wa mwisho. Nilimwomba anisomee. Akasema kukisoma chote ni siku tisa, na mgonjwa wangu amesimama juani. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayekusaidia, kwamba tangu aanze kazi hajamwona aliyekisoma, na yeye mwenyewe hajakisoma. Nikabonyeza. Mashavu naye akabonyeza, akajifuta wino kwenye kanga.

Siku ile ya kwanza alipika huku anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba kwa miaka minne. Nilikaa kizingitini nikasema moyoni kwamba nimefanya jambo moja la maana katika maisha yangu.

Siku ya pili tukanunua sufuria. Tuliporudi nayo, mtu mmoja mwembamba aliyevaa kijivu alitufuata, akapita katikati yetu bila hodi, akasema, "Mimi ni wa sufuria." Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafunga. Chumba kile tulidhani ni stoo. Kitasa chake kilikuwa upande wa ndani tu.

Niliugonga mlango nikamuuliza anataka nini. Akajibu, kwa heshima zote, kwamba anasubiri siku tutakapohitaji sufuria nyingine. Na mpaka siku hiyo anafanya nini? Anaandika. Anaandika nini? "Mnayosema, mzee, ili tuwahudumie vyema."

Ufagio ulikuja na wa kwake. Mkeka ukaja na wawili, mmoja wa mkeka na mmoja wa kumkumbusha huyo wa mkeka. Taa ikaja na wake. Wengine hawakuja na kitu chochote, waliletwa na wenzao. Siku ya kumi nikatega sikio kwenye ule mlango nikahesabu vifua kumi na kimoja vinavyopumua, taratibu, bila haraka, kama watu waliokula wakashiba.

Mimi sijasoma lakini injini naijua. Injini moja inavuta mkanda mmoja, mkanda unazungusha kinu, unga unatoka laini. Ukiifungia na mashine ya kukoboa, kisha na dinamo ya taa za jirani, haikatai. Itavuta vyote. Ila unga utatoka chenga, na injini itakohoa moshi mweusi, na mwenye debe atakulaumu wewe. Nyumba yetu ikawa hivyo. Mshale ambao siku ya kwanza ulifika machweo ukiwa nusu, sasa adhuhuri ulikuwa umelala chini. Moto wa kuchemsha chai ulichukua muda ambao kwetu ningesaga debe nne. Na Mashavu akaanza tena kushika ukuta.

Jirani yetu alikuwa Bi Sikitu, mama mtu mzima, mcheshi, aliyezaliwa Ridhani. Yeye ndiye aliyetufundisha adabu ya kidole. Katika nchi ile mtu anaweza kuishiwa hewa katikati ya neno. Ikimtokea, huinua kidole cha shahada na kukizungusha hewani, polepole, duara juu ya duara, mpaka pumzi imrudie amalizie. Na wewe unayemsikiliza unatakiwa utazame kidole na unyamaze. Usiondoke, usimguse, usimsaidie neno. Kumkatiza mtu kidole kule ni kama kumvua nguo mbele za watu. Nimeona sokoni muuzaji na mteja wamesimama wote wawili vidole juu, wakizungusha, na foleni nyuma yao kimya, hakuna anayeguna. Nimesikia habari ya hakimu aliyezungusha kutoka asubuhi mpaka mahakama ikafungwa, na mshtakiwa akarudishwa rumande akimshukuru.

Siku za mwanzo nilikosea. Bi Sikitu aliinua kidole, mimi nikamkimbilia na maji. Alipopata pumzi alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, wewe una papara kama mtu mwenye hewa. Tulia. Kidole kikizunguka maana yake jambo linakuja."

Nikajifunza. Mtu mzima akiwa ugenini anajifunza adabu za wenyeji, asije akamwaibisha mke wake. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa natazama vidole vizuri kuliko wenyeji, na Bi Sikitu akawaambia majirani kwamba mgeni yule kaivishwa.

Lile jambo la kuandika lilitusumbua kwa namna nyingine. Asubuhi moja tukiwa kitandani Mashavu alininong'oneza kwa Kibondei, lugha yetu ya nyumbani, kwamba ametamani mabungo, yale matunda makali ya msituni. Kabla hatujafungua dirisha, mtu alikuwa nje na kikapu cha mabungo. Mashavu alicheka mpaka akabanwa.

"Baba Hiza, hapa hata kutamani hakuhitaji kusemwa mara mbili."

Lakini mabungo hakuyala. Wiki iliyofuata alinieleza jambo la mwili wake, la kike, ambalo mke humwambia mume tu. Tulipotoka, dada wa dukani alimwita kwa jina akamwonyesha dawa ya jambo lile, mbele ya watu, kwa tabasamu. Mashavu alirudi nyumbani amejifunika kanga mpaka machoni. Kuanzia hapo tukaacha kuongea, ila neno la lazima. Mimi na yeye, tuliooana akiwa na miaka kumi na tisa, tukawa tunaongea kwa macho na kwa kugusana vidole vya miguu. Ukimya nao waliuandika. Tulijua kwa sababu siku ya tatu ya kunyamaza alikuja muuza kadi za kupatanisha wanandoa.

Niliamua kuwatoa. Sheria ya Ridhani inaruhusu kumwomba msaidizi, ndivyo wanavyoitwa, aondoke. Nikamwomba yule wa ufagio. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza kama najua kwamba nyumba huenda isifagilike tena. Nikasema najua. Akaniuliza mara ya tatu, kwa majonzi, amenikosea nini. Kisha akatoka mlango wa mbele ameinamisha kichwa. Nilipogeuka nikamwona anaingia kwa dirisha la nyuma, kavaa koti la rangi nyingine.

Bi Sikitu akasema hivyo sivyo wanavyotolewa. Akasema kuna Mfagiaji. Ni msaidizi ambaye kazi yake ni kuwatoa wasaidizi, na hatozi kitu, unabonyeza dole tu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa naye. Nilipaswa kujiuliza kwa nini basi kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa inazungusha vidole. Sikujiuliza. Nikabonyeza.

Mfagiaji alikuja ni mpana kuliko mlango, ikabidi aingie ubavu. Pumzi zake zilikuwa kama za viriba vya mhunzi. Akakaa chumba cha nyuma katikati ya wenzake, na kila baada ya muda akapaza sauti kwamba amegundua hatari nne. Baadaye hatari saba. Nilimuuliza amemtoa nani. Akasema kutoa ni hatua ya mbele, kwanza anachunguza. Siku ile mshale ulilala kabla ya saa nne asubuhi, na Mashavu alizungusha kidole kwa mara ya kwanza.

Nilikitazama kidole chake. Kilikuwa na alama ya sindano ya kushonea magunia, kovu jeupe. Kikazunguka, nikanyamaza, pumzi ikarudi, akamalizia kusema kwamba chumvi imekwisha.

Wenye nchi wanakaa kwenye jumba la Idara ya Ridhaa. Nilikwenda huko siku kumi na mbili mfululizo, na kila nilipotoka Mashavu alinishika mkono na kusema nisichelewe. Siku ya kwanza walinipa namba. Siku ya sita walisema namba zimebadilishwa. Siku ya tisa nikaruhusiwa kuketi nyuma ya Baraza lao nisikilize, maana malalamiko kama yangu yalikuwa mengi, nao walikuwa wanayajadili.

Nitaeleza walivyojadili kama nilivyosikia. Mjumbe wa Mabomba alisema wasaidizi hawapumui. Wanachofanya ni kuitunza hewa ya mwananchi ndani ya vifua vyao, kwa muda, na kuirudisha ikiwa ya uvuguvugu. Wakampigia makofi. Mjumbe wa Nyumba akasema tatizo ni nyumba kuukuu. Nyumba ikifika miaka mitatu mwananchi anunue nyingine, yenye hewa ya watu kumi na mbili. Mama mmoja wa kiti cha pembeni akauliza nyumba hiyo mpya itakuja na wasaidizi wangapi. Akajibiwa ishirini na watano, ila ni wa kisasa. Mwingine akasema wananchi wanapumua ovyo, bila mpango, na akaomba kiundwe kitengo cha kuwafundisha kupumua kidogo. Hapo yule mama wa pembeni akauliza swali moja zaidi. Je, kuna anayejua wasaidizi wako wangapi katika nchi nzima?

Hakuna aliyejua. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba ni aibu, na kwamba kila nyumba ipelekewe mhesabuji mmoja, akae chumba cha nyuma, ahesabu.

Siku ya kumi na mbili nikaingizwa kwa Mkuu wa Ridhaa, Mheshimiwa Lukindo. Ni mtu mnene kiasi, msikivu, alinipa kiti na kuniita mzee wangu. Nikamweleza habari ya injini na mikanda. Akasema ni mfano mzuri sana, akauandika. Nikamweleza kifua cha Mashavu. Akasema pole. Nikamwambia sitaki dawa wala mabungo wala nyumba mpya, nataka watu wale watoke katika nyumba yangu mke wangu apumue.

Akafungua kile kitabu ukurasa wa mwisho akanionyesha dole langu.

"Ulikubali, mzee wangu."

"Nilikubali kwa sababu mgonjwa alikuwa juani."

"Kitabuni haliandikwi jua," akasema. "Linaandikwa dole."

Nilikaa ofisini mle saa nzima, na nilikuwa nimekwisha simama niondoke ndipo nikatambua kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu niingie. Mheshimiwa Lukindo hakuinua kidole hata mara moja. Alisema maneno marefu, akacheka, akapanda ngazi kufuata faili akashuka nalo akiendelea kusema, na pumzi haikumkata. Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na chumba cha nyuma. Palikuwa na dirisha wazi, na pazia lake lilikuwa linapepea.

Nikamuuliza upepo ule unatoka wapi, mbona Ridhani hakuna upepo. Akatazama pazia kama mtu anayeliona leo.

"Ule ni wa kikazi," akasema.

Kwa kunisikitikia akanipa kibali chenye mhuri. Kilisema naruhusiwa kumwondoa msaidizi mmoja nitakayemchagua, mara msaidizi mwenyewe atakaporidhia. Nilikikunja nikakitia mfuko wa shati, na njia nzima nilikuwa nafikiria nimchague nani. Nilikata shauri nimchague Mfagiaji. Nilikuwa tayari kumpigia magoti aridhie.

Nilifika nyumbani saa tano asubuhi. Nilipovuka kizingiti mlango ulijifunga nyuma yangu kwa kishindo, na madirisha yakajifunga moja baada ya jingine. Ilikuwa Siku ya Kujivika. Sikuwa nimewahi kuiona, nilikuwa nimehadithiwa tu na Bi Sikitu, kwa sababu huja bila kutangazwa. Siku hiyo wasaidizi hupokea nguo mpya kutoka kwa mabwana zao, kubwa kuliko za zamani, na hutanuka mpaka ziwaenee. Wakati wanavaa hupumua mara kumi ya kawaida, na mwenye nyumba haruhusiwi kutoka wala kufungua chochote. Sauti zao zilitoka nyuma ya mlango kwa pamoja, za upole: tunajiandaa kukuhudumia vyema zaidi, tafadhali usifungue. Kisha wakaanza kutangaza walipofika. Ishirini kwa mia. Arobaini kwa mia.

Mashavu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Aliponiona uso wake ulifunguka. Nikaona amejitanda ile kanga aliyojifutia wino.

"Baba Hiza," akasema, "nilikuwa nasema—"

Akainua kidole.

Nikakaa chini mbele yake nikakunja miguu. Nikakitazama kidole. Sikumgusa, sikumkatiza, sikumsaidia neno. Niliona tu kwamba ana jambo la kuniambia, na jambo linakuja. Nyuma ya mlango wakasema tisini kwa mia. Kidole kikazunguka. Wakasema tisini na tisa kwa mia, na hapo kwenye tisini na tisa wakakaa, wakakaa, wakirudia namba hiyo hiyo. Mshale ulikuwa umelala zamani. Mimi mwenyewe kichwa kilianza kuvuma, lakini macho yangu hayakutoka kwenye lile kovu jeupe.

Ukikata dizeli, gurudumu la injini halisimami pale pale. Linaendelea kuzunguka kwa mazoea. Mtu asiyejua atadhani mashine bado inafanya kazi. Mimi ninayejua, miaka ishirini na sita, nilikaa mbele ya gurudumu lile likizunguka kwa mazoea, duara likawa dogo, likawa dogo zaidi, na sikutambua. Kidole kikasimama. Bi Sikitu alitufundisha kwamba kidole kikisimama ndipo neno linapotoka. Nikasubiri neno.

Nilisubiri mpaka wale wa nyuma waliposema mia kwa mia, na madirisha yakafunguka.

Kwetu ningevunja ule mlango kwa mchi. Ningempeleka nje mgongoni. Mtu asiniambie kwamba nilikuwa na mikono, najua nilikuwa na mikono. Lakini hiyo adabu ya kutazama mtu anakufa na kunyamaza sikuizua mimi. Iliwekwa na waliokata hewa, ili waliokatiwa wasipige kelele, na wanaokaa kwenye dirisha lenye pazia linalopepea wanaijua hivyo. Ndio ninaowalaumu. Nitawalaumu mpaka nizikwe.

Ule mlango wa chumba cha nyuma, ambao haukuwahi kufunguka kwa ajili yetu, ulifunguka siku ile. Wakatoka wote, mstari mmoja, katika nguo mpya. Mmoja mmoja akanipa mkono. Wakasema pole kwa kuondokewa na Mashavu binti Mhina, na kila mmoja akalitamka jina la baba yake sawasawa, ingawa hatukuwahi kuwaambia. Wa mwisho alikuwa wa sufuria. Nikamshikilia mkono.

"Asubuhi hii nilipotoka alibaki peke yake," nikamwambia. "Kuna neno alisema?"

"Alisema mengi, mzee. Alianza ulipofunga mlango."

Mke wangu, aliyenyamaza mwezi mzima kwa aibu ya masikio yao, siku ile alisema mengi. Alijua. Alikuwa ananisemea mimi, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha Mheshimiwa nikieleza habari ya mikanda. Nikamwomba anisomee. Akavuta mkono wake taratibu.

"Hatuwezi. Hiyo ni siri ya mteja."

Nikarudi Idara ya Ridhaa. Safari hii sikupewa namba, niliingizwa mara moja, na Mheshimiwa Lukindo alisimama kunipokea. Alisema maneno ya mke wangu yapo, yamehifadhiwa salama, yameshasomwa na wale wenye haki ya kuyasoma. Nikamuuliza ni kina nani. Akasema ni wenye sufuria, wenye mkeka, wenye taa, na wenzao wanaoshirikiana nao. Nikamwambia mimi ni mumewe. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Sheria inamlinda marehemu dhidi ya watu wake wa karibu. Pazia likapepea. Kile kibali nilikuwa bado ninacho mfukoni, nikakiweka mezani kwake nikatoka.

Tulimzika nyuma ya nyumba ya Bi Sikitu. Bi Sikitu alitaka kusema neno la kumuaga, akainua kidole, na watu wote wakanyamaza wakakitazama. Mimi niliondoka kabla hajamaliza. Nadhani mpaka leo wananisema.

Mpakani, pale unapovuka na kusikia upepo wa kawaida tena, yule wa sufuria alikuwa ananisubiri. Ameshika sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Nilitaka kumpita. Akainua ile sufuria nikaona ina mpini wa mbao.

"Hii haichomi mkono, mzee," akasema.

Nikasimama. Hakuna mtu duniani anayejua kwamba mimi siwezi kuepua sufuria bila kuungua. Miaka yote Mashavu ndiye aliyeniepulia, na nikijaribu mwenyewe nasahau tambara, na yeye hunipaka dawa ya meno kwenye vidole huku ananitukana polepole. Hilo hatukuwahi kulisema Ridhani, kwa sababu Ridhani sikuwahi kushika sufuria. Basi alilisema asubuhi ile. Sikujua alilisemaje. Nilijua tu maneno yake yalikuwa yanaelekea wapi, na kwamba mtu huyu wa kijivu anayo yote, tangu mlango ulipofungwa.

Nikabonyeza dole.

Alinifuata mpaka nyumbani. Anakaa stoo ya nyuma, palipokuwa magunia. Hiza mwanangu alipokuja aliniuliza ni nani huyo, nikamwambia ni wa sufuria, akaondoka anatikisa kichwa. Kila nikila namuuliza alisemaje, naye kila siku ananijibu kwa heshima kwamba hawezi, na kwamba kwa tabia yangu ya kula huenda nikahitaji na bakuli. Bakuli nimenunua. Kijiko pia. Wa bakuli na wa kijiko wako naye humo.

Lakini nimegundua kitu. Anapoandika hujisomea kwa sauti ndogo, kama mtoto wa darasa la kwanza, na pengine hurudi kurasa za nyuma. Upepo wa huku unanizuia kusikia. Kwa hiyo nafunga madirisha yote, naziba chini ya mlango kwa gunia, nakaa kwenye mkeka nimeegemeza sikio ukutani. Jana nilisikia "Baba Hiza" mara mbili, halafu hewa ikanipungukia.

Nikainua kidole. Hapakuwa na wa kukitazama.